Kifudifudi

Umeme ukikatika Kadutu hadi siku ya tatu
meza yangu hujaa.
Faranga mia tano kwa simu. Paneli ya jua juu ya bati,
waya zimesokotana kama matumbo ya mbuzi,
na kila simu nimeibandika kipande cha plasta,
nikaandika kwa biki:
Nabintu. Akonkwa. Dada wa Makala. Cirhuza wa Pikipiki.

Simu yenye njaa hulala kimya.
Ikishiba kidogo, inaanza kusema.

Sikusudii kusoma.
Lakini kioo kinawaka, na jicho halina komeo.
*Umefika?*
*Futa ile picha.*
*Nilikuwa nalia, sikuwa na mafua.*
Na mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Fundi Bomba
ametuma moyo mwekundu saa nne asubuhi,
na huku kwetu bomba halijatoa maji tangu Pasaka.

Basi naigeuza. Kifudifudi.
Moja baada ya nyingine, kama anayefunika vyungu.

Baba Murhula, anayeshona viatu hapo jirani,
husema vijana wa leo hawana siri,
wanaanika hata kitanda.
Ninamwitikia tu, ana sindano mdomoni.
Lakini kuanika si kumwaga.
Mlimani huku paa la jirani ndilo ua wako;
ukikohoa usiku, wa chini anakujibu pole;
watu sita chumba kimoja, pazia moja, redio moja.
Hata hivyo tazama kamba za nguo:
shati liko mbele, linapepea,
na ya ndani inakaukia chini ya kitenge.
Nani alitufundisha? Hakuna. Tulikuta.

Nabintu yuko mwaka wa pili chuoni.
Namba yake ya siri alinipa mwenyewe,
nimpokelee ujumbe wa pesa za kaka yake wa Uvira.
Nikamwuliza, huogopi?
Akacheka:
«Kwako hakuna siri. Siri iko kwa mama.»
Akanionyesha. Statusi yake huonwa na watu mia nne,
isipokuwa kumi na mmoja:
mama, shangazi wa Walungu, mchungaji,
wajomba wawili, binamu mwenye mdomo,
mwenye nyumba anayewadai miezi mitatu…
Wengine sikumbuki.
Dunia nzima iingie sebuleni,
mradi jikoni wasijue.

Jumanne alikuja kijana mmoja, kofia nyekundu,
akaweka dola tano mezani, akaweka na kiwiko:
«Nifungulie ya Akonkwa. Dakika mbili.»
Dola tano ni simu nyingi sana.
Ni mvua ya wiki nzima bila jua kwenye paneli.
Nikamwambia betri imekufa.
Hapo hapo simu ikawaka, mjinga yule, ikaita,
tukaitazama wote wawili mpaka ikachoka.
Akachukua pesa zake. Akanitukana mama.

Alhamisi alikuja mama yake Nabintu, amelowa,
binti yuko mtihani.
Nikampa simu, nikasahau kuizima.
Ikawaka mkononi mwake,
jina refu, maneno mengi, picha inaanza kufunguka.
Mimi ndiye niliyeshtuka.
Yeye aliigeuza haraka kuliko ninavyogeuza mimi,
akaifunga kwenye fundo la kitenge, pale pa pesa.
«Imeshiba?»
«Asilimia themanini na mbili, mama.»
Akapanda ngazi za udongo, polepole, mkono kiunoni.
Sijamweleza Nabintu. Sijui ningeanzia wapi.

Usiku nachaji ya kwangu, ya mwisho, kwa moto uliobaki.
Nimeweka statusi: ziwa, mataa ya ng'ambo,
na mstari mmoja nilioandika na kufuta mara nne.
Mama yangu ataiona. Mchungaji ataiona.
Baba Murhula mwenyewe ataiona, atanicheka kesho.
Kwenye orodha yangu ya *isipokuwa* kuna mtu mmoja tu.
Plasta yake imebanduka, imebaki mezani.
Nimeigeuza nayo.